Waliovuka Ziwa: Mafunzo Niliyopata Nyarugusu

Kwa miaka kadhaa nilikuwa mfanyakazi wa ustawi wa jamii katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, mkoani Kigoma. Nilihudumia watoto na vijana waliofika bila wazazi, na wengine waliofika na wazazi ambao vita ilikuwa imewamaliza nguvu hadi watoto ndio wakawa walezi wao. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia Kivu Kusini, wengi wao kutoka Fizi, Baraka na Uvira. Mwaka 2015 wakaja Warundi kwa maelfu kila wiki, na Nyarugusu ikawa miongoni mwa kambi kubwa kuliko zote duniani.

Mimi ni Muha. Kiha na Kirundi ni ndugu wa karibu, na bibi yangu alikuwa na jamaa ng'ambo ya mpaka kabla mpaka haujawa na maana yoyote kwake. Sikuwahi kuwaona watu hawa kuwa wageni. Lakini kuijua lugha ya mtu na kujua namna ya kumsaidia ni mambo mawili. Haya ninayoyaandika nimefundishwa na vijana wenyewe, na walimu na akina mama wa kambini, na ninayaandika sasa kwa sababu Goma ilianguka Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari, na watu wakaanza tena kuvuka mito na maziwa wakiwa na watoto migongoni. Kuna vijana wetu wanaoingia kwenye kazi hii leo. Ni wao ninaowafikiria.

1. Maji kabla ya maneno

Aprili 2015 chama tawala cha Burundi kilimtangaza Pierre Nkurunziza kuwa mgombea wake kwa muhula wa tatu, na Mei likafuata jaribio la mapinduzi lililoshindwa. Watu hawakusubiri kuona mwisho wake. Maelfu waliteremka hadi Kagunga, kijiji chetu kilicho karibu kabisa na mpaka, kilichobanwa kati ya Ziwa Tanganyika na mlima. Gari halifiki. Ama uende kwa mashua, ama uupande mlima kwa miguu. Makumi ya maelfu ya watu walilala pale kwenye mchanga, wakinywa maji ya ziwa lile lile walilokuwa wakiogea. Kipindupindu kikaingia, na kabla ya mwezi wa Mei kwisha watu wapatao 30 walikuwa wamekufa. Meli ya MV Liemba, iliyojengwa Ujerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ilikwenda kuwachukua. Kwa kuwa Kagunga haina gati, watu walipelekwa melini kwa mashua ndogo, wazee wakibebwa mikononi, kisha wakashushwa Kigoma na kupumzishwa katika Uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupanda mabasi ya kwenda Nyarugusu.

Sisi wa fani hii huwa tuna haraka ya kuuhudumia moyo. Katika siku zile, huduma ya moyo ilikuwa maji safi, choo chenye mlango, blanketi, na mtu wa kueleza foleni hii ni ya nini. Hilo la mwisho halina gharama yoyote, nalo ndilo lililosahaulika kuliko yote. Kijana aliyeambiwa, "Basi linaondoka kesho asubuhi, utapanda na mama yako, mtashukia kambini, kule utapewa turubai na sufuria," alikula na kulala. Aliyesukumwa garini bila neno alifika akiwa ameshika nguo ya mama yake kwa mikono miwili, na alikuwa na miaka kumi na minne.

2. Usimchimbe

Wageni wengi waliotembelea kambi, na baadhi ya wafanyakazi wapya, walikuja na swali moja: uliona nini? Waliuliza kwa upole, lakini mara nyingi mbele ya kamera. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani na washirika wake mwaka 2011 unasema wazi kwamba mtu asilazimishwe kusimulia yaliyomkuta. Kazi yake ni tatu: tazama nani yuko katika hali mbaya, msikilize anayetaka kusema, muunganishe na watu wake na huduma. Anayetaka kunyamaza ana haki ya kunyamaza.

Watoto wana namna yao ya kusema. Karibu na kibanda chetu cha michezo kulikuwa na kundi la watoto wa Kirundi waliocheza mchezo mmoja kila siku. Wawili walifunga kamba ya katani kukatiza njia. Mmoja alikaa juu ya tofali, mguu juu ya mguu, na kila aliyepita aliamriwa atoe kitambulisho. Vitambulisho vilikuwa majani ya mwembe. Yule wa kwenye tofali aliligeuza jani, akalichunguza mbele na nyuma, akauliza: unakwenda wapi, baba yako yuko wapi, mbona picha hii si yako? Wengine walipitishwa. Wengine walipigishwa magoti pembeni ya njia na kubaki hapo hadi mchezo ulipokwisha.

Mwenzetu mmoja alitaka kuikata ile kamba. Mwalimu mzee Mkongo, aliyekuwa kambini tangu miaka ya tisini, alimzuia. Akatuambia tuangalie jambo moja tu: waliopigishwa magoti wana njia ya kutoka? Wiki za kwanza hawakuwa nayo. Kisha siku moja msichana mdogo alifika kwenye kamba, akampa yule askari kokoto kadhaa, akamwonyesha mmoja wa waliopiga magoti na kusema, "Huyu ni mdogo wangu." Askari akazihesabu kokoto, akamwachia. Mchezo uliendelea kwa muda mrefu baada ya siku ile, ila kila aliyekamatwa alikuwa na mtu wa kuja kumtoa.

Yupo mtoto anayehitaji mtaalamu: asiyelala, asiyekula, anayerudia jambo lile lile peke yake na haliishi kamwe. Huyo apelekwe upesi. Lakini wengi walihitaji kamba yao, wenzao, na mtu mzima anayetazama kwa makini bila kuwaingilia.

3. Uliza kilima kabla ya kuuliza ukoo

Fomu zetu zilikuwa na nafasi ya jina la ukoo. Kwa Mtanzania nafasi hiyo haina taabu. Burundi, kwa desturi, kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe: kaka anaweza kuwa Niyonkuru, dada Nshimirimana na baba yao Ndayizeye, nao ni tumbo moja na nyumba moja. Isitoshe, kila moja ya majina hayo linabebwa na maelfu ya watu. Ukimtafuta mtoto kwa jina la ukoo kwenye kompyuta, ndugu watatu walioandikishwa siku tatu tofauti wataonekana kuwa watu wasiojuana kabisa.

Kinachowakutanisha ni maswali ya nyumbani. Mnatoka kilima gani? Kwa Mrundi kilima ndicho anwani, na serikali yao yenyewe imepangwa hivyo, kutoka mkoa hadi kilima. Soko lenu lilikuwa siku gani? Majirani walimwita mama yako nani? Kanisa lenu lilikuwa la Wakatoliki au la Wapentekoste? Kutoka nyumbani hadi kisimani mlikuwa mnashuka au mnapanda? Mtoto wa miaka minne hajui jina la mama yake zaidi ya "mama," lakini anajua kaka yake alimwita nani alipotaka kumtania. Jina hilo la utani liandikwe kama mtoto anavyolitamka. Usilinyooshe. Nimeona ndugu wakipatikana kwa jina la utani baada ya orodha nzima ya majina rasmi kushindwa.

Pale ndugu wanapokuwa nchi nyingine, kuna kazi kubwa ya Msalaba Mwekundu ya kutafuta watu waliopotezana. Barua yao haifungwi kwenye bahasha. Hubeba habari za familia tu, kwa kuwa mamlaka zinaweza kuisoma njiani. Niliwahi kukaa na binti wa miaka kumi na mitano kutoka Uvira alipokuwa akimwandikia bibi yake. Karatasi ya kwanza aliijaza habari za vita, ikabidi tuiweke kando. Ya pili aliiandika taratibu: kwamba ameanza tena shule, kwamba mdogo wake ameota meno ya mbele, kwamba ndakala (dagaa) wa huku ni ghali na wadogo, kwamba kitenge alichopewa bado anacho. Jibu lilichukua miezi. Lilikuwa na sentensi chache, na ya kwanza iliuliza: meno yametoka mangapi?

Baada ya hapo binti yule alianza kuja darasani na daftari.

4. Mtoto akae kwa watu

Watu wenye mapenzi mema hufikiria kwanza kujenga kituo cha watoto yatima. Kambini tulifanya kinyume: mtoto aliyefika peke yake alitafutiwa familia ya malezi ya kambo, ikiwezekana ya kwao, wanaosema lugha yake na kupika anachokijua. Akina mama Warundi walikuwa wakijitokeza wakiwa wenyewe hawana hata mkeka. Sijaona ukarimu wa namna ile mahali pengine popote.

Lakini ukarimu una sufuria. Mgao wa chakula hutolewa kwa kadi, na idadi ya watu iliyoandikwa kwenye kadi ndiyo inayoamua vipimo vya unga, njegere, mafuta na chumvi. Mtoto akihamia nyumba mpya na jina lake likabaki kwenye kadi nyingine, au lisiandikwe popote, basi kila jioni kuna mdomo mmoja zaidi ya chakula kilichopo. Hata mama mwema ataanza kuhesabu. Kwa hiyo kadi irekebishwe wiki ile ile, na anayemleta mtoto ndiye afuatilie foleni, asimwachie mama wa watu.

Na utembelee bila kutangaza. Nani anabeba ndoo? Nani ana daftari? Nani analala karibu na mlango? Ukikuta watoto wa nyumba wako shuleni na wa kambo yuko mtoni na rundo la nguo, umeshajua. Mara nyingi yalitosha mazungumzo na kiongozi wa kijiji cha kambini. Mara chache ilibidi mtoto ahamishwe, na hapo usisite.

5. Sema "sijui," kisha rudi siku uliyosema

Kambi inaishi kwa tetesi. Kambi itafungwa mwezi wa sita. Majina yamebandikwa. Kanada wanachukua wenye watoto wadogo. Kila kijana ana simu au ana jirani mwenye simu, na kila siku kuna jambo jipya.

Zito kuliko yote ni la kuhamishiwa nchi ya tatu. Maelfu ya Wakongo wa Nyarugusu wamekwenda Marekani kwa njia hiyo, wakaanza maisha, wakatuma picha za theluji na za magari. Waliobaki wanaziangalia. Kijana wa sekondari anaacha shule kwa sababu "tuko kwenye prosesi," na prosesi inaweza kuchukua ujana wake wote. Ukweli ni kwamba duniani kote, wakimbizi wanaopata nafasi hiyo kwa mwaka hawafiki hata mmoja kwa kila mia. Kisha Januari 2025 serikali ya Marekani ikasimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na familia zilizokuwa zimeshauza vyombo zikabaki na masanduku.

Mfanyakazi anashawishika kusema "Mungu akipenda utaenda tu," kwa sababu uso ulio mbele yake unauma kuutazama. Usiseme. Sema unachokijua, sema usichokijua, na umwambie usiache shule. Halafu, na hili ndilo vijana wenyewe walilonisisitizia, timiza neno dogo. Ukisema utarudi Alhamisi saa nne, uwepo Alhamisi saa nne, hata kama huna jibu. Wamedanganywa na watu wenye bunduki, na wenye magari, na wenye vitambulisho shingoni. Alhamisi moja iliyotimizwa ina uzito kwao.

6. Anayeuza mgao hajashiba

Utasikia watu wakilalamika: mbona wanauza unga tuliowapa? Wanauza kwa sababu sabuni ya kutosha haimo kwenye mgao, daftari halimo, na kwa sababu mtu aliyekulia ugali wa muhogo na mgebuka hawezi kula njegere za manjano mwaka hadi mwaka kisha aitwe mkorofi anapotafuta dagaa. Mgao umepunguzwa mara nyingi kadiri fedha za wafadhili zilivyopungua. Masoko ya pamoja kati ya wakimbizi na wenyeji yalipofungwa katika kambi za Kigoma, walioumia kwanza walikuwa watoto, kwa kuwa soko ndilo lililogeuza kikombe cha unga kuwa kalamu.

7. Kijana awe na watu wanaomtegemea

Hili ndilo ninaloliamini kuliko mengine yote, na ndilo gumu kuwashawishi wenye fedha.

Vita humwondolea kijana nyumba na ndugu. Kambi, hata ile inayoendeshwa vizuri, humwondolea nafasi yake katika jamii. Nyumbani alikuwa mchunga mbuzi wa babu, au mpiga ngoma wa kwaya, au anayempeleka mdogo wake shule. Kambini ni namba kwenye kadi ya mtu mwingine. Sheria yetu ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka akae ndani ya kambi, na akitaka kutoka awe na kibali. Shamba hana. Kazi ya mshahara hana. Anapewa chakula, anapewa mpira, anapewa semina. Kila kitu kinakuja kwake na hakuna kinachotoka kwake, na baada ya miaka miwili mitatu ya hali hiyo unamwona amelala mchana, au amerudi alikotoka kutafuta kundi lenye silaha lililomwita jina lake.

Kijana mmoja kutoka Fizi alikuwa amemaliza sekondari kwa mtaala wa Congo, kwa Kifaransa, na hakuwa na pa kwenda. Alishinda chini ya mwembe na wenzake. Mama jirani, aliyekuwa na watoto watatu darasa moja lenye wanafunzi zaidi ya mia, alimwomba awafundishe hesabu jioni. Hakuwa na ubao. Aling'oa mlango wa nyumba aliyojenga kwa tofali za udongo, akauegemeza ukutani, akaandika kwa vipande vya muhogo mkavu. Juma lililofuata walikuwa watoto kumi. Nilipopita siku moja jioni nilimkuta akimsahihisha mtoto kugawanya kwa tarakimu mbili, amechuchumaa, mikono imejaa unga mweupe hadi kwenye viwiko, na watoto wengine wamesimama wakisubiri zamu zao bila kusukumana. Waliniona nikipita. Hakuna aliyegeuka.

Tulipomuuliza anahitaji nini alisema chaki, na mlango. Usiku wa mvua alikuwa analala kwenye nyumba iliyo wazi. Tukamletea chaki na ubao wa mbao, akaurudisha mlango wake. Shirika moja lilipotaka kuweka bango na kuwavika watoto fulana zenye nembo, wazazi walikataa kwa adabu, wakasema darasa lile lina mwenyewe. Nafikiri walikuwa sahihi kabisa. Mwaka ule yule kijana hakuwa tena mtu wa chini ya mwembe. Alikuwa "Mwalimu," na watu wazima walimwamkia wakipita.

Sisi Watanzania tuna ushahidi wa jambo hili katika historia yetu wenyewe. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa ardhi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Walifyeka pori, wakalima mahindi na tumbaku, wakajilisha na kulisha wengine. Mwalimu Nyerere alipewa Tuzo ya Nansen mwaka 1983 kwa namna nchi hii ilivyopokea wakimbizi. Na mwaka 2014 watu wapatao 162,000 wa jamii ile walikabidhiwa uraia. Walioingia wakiwa watoto wamewasomesha wajukuu hapa. Ninaelewa kwa nini sera ilibadilika baada ya mamia ya maelfu ya Wanyarwanda kuingia mwaka 1994, na sitaki kulifanya jepesi suala la ardhi na usalama. Lakini hatuwezi kusema hatujui kinachofanya kazi.

Ndani ya mipaka iliyopo bado kuna nafasi. Walimu wengi wa shule za kambini ni wakimbizi wenyewe, wanaolipwa posho ndogo. Kuna mafundi cherehani, watengenezaji wa sabuni, wanaochaji simu kwa umeme wa jua, waamuzi wa mpira, walezi wa kwaya. Kabla ya kuleta mradi, tafuta nani tayari anafanya, umuulize amepungukiwa nini, na umpe hicho.

8. Njia ya kuni

Msichana wa miaka kumi na miwili ndiye anayetumwa kuni. Akitoka nje ya kambi anavunja sheria, anaingia kwenye shamba au msitu wa mtu, na anaweza kubakwa. Akibaki, nyumbani hakupikwi. Majiko banifu yanasaidia kwa kuwa safari zinapungua. Lakini ukitaka kujua hatari iko wapi hasa, waketi wasichana wenyewe na mwanamke wanayemwamini, wachore njia zao chini kwa kijiti. Watakuonyesha kichaka kipi, saa ngapi, na bomba lipi lina foleni hadi giza. Ramani hiyo walinzi na wazee wa kambi wanaweza kuifanyia kazi kesho yake. Na msichana anayekosa shule siku chache kila mwezi usimuulize sababu mbele ya darasa. Peleka pedi.

9. Aliyeshika bunduki

Baadhi ya wavulana waliotoka Fizi na Uvira walikuwa wamepita mikononi mwa makundi yenye silaha. Hawasemi. Unaona tu kwamba hawakai wakiupa mlango kisogo.

Kumwingiza vitani mtoto aliye chini ya miaka 15 ni uhalifu wa kivita. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Thomas Lubanga kwa kosa hilo mwaka 2012, kwa yaliyotendeka Ituri. Mwenye kosa ni aliyemkabidhi silaha. Kijana lazima alisikie hilo kutoka kwa mtu mzima anayemheshimu, faraghani, na si mara moja. Aliyoyasema yabaki kwa watu wachache kabisa: yasiwe kwenye kikao, yasiwe kwenye orodha inayozungushwa, wala kwenye picha. Kambini kuna watu waliokimbizwa na kundi lile lile alilotoka. Neno moja ovyo linaweza kumuua, na linaweza pia kumrudisha porini.

10. Makere nako kuna watoto

Kambi haiko hewani. Kuna Makere na vijiji vingine vya Kasulu vilivyokuwepo kabla yake, vyenye shule za madawati machache na akina mama wanaotembea mbali kutafuta zahanati. Kagunga, kabla shirika lolote halijafika, wanakijiji ndio waliotoa sufuria zao. Hospitali ya kambini inapowatibu wenyeji, kisima kinapochimbwa pande zote mbili, chuki inakosa pa kuanzia. Anayepanga msaada bila mwenyekiti wa kijiji anampandia mkimbizi adui.

Mechi za vijana wa kambini na wa vijijini, zilipopewa kibali, zilifanya kazi ambayo semina zetu hazikuiweza. Mtu humzomea kipa, kisha hujua jina lake.

11. Linda karatasi

Tangu Septemba 2017 Warundi wamekuwa wakirudi kwao kwa makubaliano kati ya Tanzania, Burundi na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, na waliorudi wamepita laki moja. Wengine wako tayari na wanaimba kwenye basi. Wengine wana hofu, na hofu yao isikilizwe, kwa sababu kurudi kunatakiwa kuwe kwa hiari. Lakini kwa kijana aliyeingia akiwa na miaka mitatu, hata neno "kurudi" linamzungumzia mama yake zaidi kuliko yeye. Anakwenda nchi asiyoikumbuka, kwenye shamba ambalo huenda lina mtu mwingine.

Atakachohitaji ni karatasi: matokeo ya shule yenye muhuri, kadi ya chanjo, tangazo la kizazi kama alizaliwa kambini, cheti cha ufundi kama alijifunza. Nimeona kijana akirudishwa madarasa mawili nyuma kwa sababu cheti kilibaki kwenye kabati la ofisi iliyofungwa. Mwaka 2025 fedha za misaada zilikatwa ghafla, na ofisi nyingi duniani zinazohudumia wakimbizi zilifunga kazi au kupunguza watu kwa muda mfupi sana. Ndani ya makabati ya ofisi hizo mna mafaili ya watoto: majina ya utani, vilima, siku za soko, ndugu anayetafutwa ng'ambo ya ziwa.

Kwa hiyo naomba hili kwa yeyote anayefanya kazi hii leo. Usisubiri barua ya kufunga ofisi. Wiki hii, kila kijana aliye chini yako apate nakala za karatasi zake ndani ya mfuko wa nailoni, nakala nyingine iwe kwa mlezi wake. Na kila faili la mtoto anayetafuta ndugu liwe na jina la mtu wa pili, Ustawi wa Jamii au Msalaba Mwekundu, aliyekabidhiwa kwa sahihi na anayejua jina la utani linavyotamkwa.